Kupandisha pikipiki kuukuu Wundanyi: meno, hewa na breki

Mombasa ni tambarare. Pikipiki ya mwaka 1978 yaweza kuzunguka Makupa, Kongowea na Bamburi mwaka mzima bila mwenyewe kugundua kwamba klachi yake imekwisha, maana mwinuko mkubwa inaokutana nao ni daraja la Nyali. Ikielekezwa Taita ndipo siri hutoka. Kutoka Mwatate barabara inapanda kama kilomita 15, kona juu ya kona, mpaka Wundanyi iliyo zaidi ya mita 1,300 juu ya bahari, na injini iliyozoea hewa nzito ya pwani inafika huko ikihema.

Maelezo haya ni ya wenye mashine za zamani: Honda CG125 na XL, Yamaha DT na AG, Suzuki TF, na wale wachache wanaozitunza BSA na Triumph. Wengi wao wakisikia mlima hufikiria kuongeza nguvu, yaani pistoni kubwa, kabureta kubwa, ekzosi ya kelele. Hapo ndipo pesa hupotea. Pikipiki ya siisii 125 iliyo nzima inapanda Wundanyi vizuri sana ikiwa na meno yanayofaa ya sproketi (magurudumu mawili yanayoshika cheni), mafuta yanayolingana na hewa, na breki za kuirudisha chini. Injini iachwe kama kiwanda kilivyoiunda.

Mchezo wenyewe wa kupanda mlima kwa kushindana na saa ni wa zamani. Shelsley Walsh huko Uingereza wanapanda tangu 1905, na njia yao ni yadi 1,000, yaani mita 914 tu. Pikes Peak huko Marekani ilianza 1916. Ina karibu kilomita 20 na kona 156, na inaishia mita 4,302, ambako hewa imepungua kwa zaidi ya theluthi moja. Ukizitazama hizo mbili unaona aina mbili za mlima. Kuna mfupi na mkali, unaodai mshiko wa tairi na gia fupi. Kuna mrefu, unaodai injini isichemke na mchanganyiko wa petroli na hewa uwe sawa. Lami ya Mwatate hadi Wundanyi ni ya aina ya pili. Vijia vya udongo mwekundu vinavyochepuka kwenda vijijini ni vya aina ya kwanza, na mashine moja ikitayarishwa vyema inaviweza vyote.

Meno kwanza

Hesabu meno ya sproketi zako kabla ya kununua chochote. Usiamini kitabu, kwa sababu pikipiki yenye umri huo imeshapita mikono mingi na kila fundi aliweka alichokikuta dukani. Gawanya ya nyuma kwa ya mbele. Mfano, 42 nyuma na 15 mbele ni 2.80. Ukishusha ya mbele iwe 14, unapata 3.00, na mvuto kwenye gurudumu umeongezeka asilimia 7. Ukiweka 14 mbele na 45 nyuma unapata 3.21, karibu asilimia 15 zaidi. Kwa mlima wa Taita hiyo 14 kwa 45 inatosha kabisa kwa mashine ya 125 yenye mtu mmoja mzima. Jino moja mbele lina thamani ya kama matatu nyuma, kwa hiyo njia ya bei nafuu ni kubadilisha ya mbele.

Usishuke chini ya 13 mbele. Cheni ikizunguka kiduara kidogo mno inakunjika kwa nguvu kwenye kila pini, inachakaa haraka, na inaanza kusugua mkono wa nyuma wa chesisi. Ukisikia mlio wa kukwaruza karibu na mguu wa kushoto baada ya kuweka sproketi ndogo, kagua pale kabla chuma hakijalika.

Faida ya mvuto ina malipo yake barabarani. Mashine iliyokuwa ikienda 80 kwa saa bila kulalamika, kwa mizunguko ileile ya injini sasa itakwenda 70. Kutoka Mombasa hadi Voi ni kama kilomita 160 za barabara kuu, na malori ya Mariakani na Maungu hayamsubiri mtu. Ndiyo maana tunashauri usafiri na meno ya kawaida na ubebe ya mlimani mfukoni. Kwenye CG sproketi ya mbele imeshikwa na kibati chenye boliti mbili ndogo za ufunguo wa 10. Ni kazi ya dakika ishirini pale Mwatate, chini ya kivuli, mradi boliti hizo zilishalegezwa nyumbani na kupakwa grisi. Zilizoshikana kwa kutu ya chumvi ya pwani zitakatika kichwa, na safari itaishia hapo.

Cheni ya 428 ina pini kila milimita 12.7. Ivute inyooke, pima pingili 20: mpya ni milimita 254. Ikifika 259 imekwisha. Njia ya haraka zaidi ni kuivuta kwa vidole nyuma kabisa ya sproketi kubwa. Ikiinuka na kuonyesha nusu ya jino, ibadilishe pamoja na sproketi zote mbili, kwa sababu cheni mpya juu ya meno yaliyochongoka huharibika upesi. Ulegevu uwe milimita 20 hadi 30, ukipimwa mahali cheni inapobana zaidi, maana cheni ya zamani haibani sawa kote. Klipu ya kiungo: upande uliofungika utangulie kule cheni inakoelekea. Ikiwekwa kinyume hutoka, na cheni inayokatika mlimani huweza kuvunja kasha la injini.

Klachi haijifichi mlimani

Dalili ni moja tu: sauti ya injini inapanda, mwendo haupandi. Baadaye kunanuka kitu kilichoungua. Ijaribu hukuhuku pwani kabla ya kufikiria Taita. Barabara ya kutoka Ng'ombeni kwenda Kwale inafaa sana, kwani unavuka Likoni na kupanda kutoka karibu usawa wa bahari hadi kama mita 400. Kwenye mwinuko wake ingia gia ya juu mapema kuliko kawaida, kisha vuta mafuta yote ghafla. Klachi nzuri itaifanya injini iugue na kupanda taratibu. Mbovu itaiacha injini ipige kelele bure.

Kabla ya kununua pleti, angalia vitu viwili visivyo na gharama. Kwanza, kebo: kishikio kiwe na uhuru wa milimita 10 hadi 20 nchani kabla ya kuanza kubana. Kebo iliyokazwa mno huishikilia klachi nusu wazi muda wote. Pili, oili. Klachi za mashine hizi zinaogelea katika oili ya injini, na oili nyingi za magari zimetiwa kemikali za kupunguza msuguano. Zinaifanya klachi iteleze hata ikiwa mpya. Tafuta kopo lenye alama ya JASO MA au MA2. Kwa joto la Mombasa 20W-50 inafaa, na CG huchukua kama lita 0.9 wakati wa kubadilisha. Usijaze kupita alama kwa kudhani mlima unataka oili zaidi. Inachapwa na krenki, inatoka povu, na sehemu yake huishia kwenye kichujio cha hewa.

Ikiwa hayo yote ni sawa na bado inateleza, badilisha pleti zote pamoja na springi zake. Springi za miaka arobaini zimefupika, na kuweka pleti mpya juu yake ni kazi nusu. Pleti mpya zilowekwe kwenye oili safi usiku mzima kabla ya kufungwa.

Hewa, petroli na tangi lenye kutu

Hapa ndipo mashine za pwani hushindwa zaidi, na mara nyingi fundi hulaumu plagi.

Hewa ya Wundanyi, hata ukihesabu ubaridi wake, ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kama asilimia 12. Nguvu ya injini itapungua karibu kiasi hichohicho, na hakuna fundi wa kuizuia isipungue. Lakini kuna tatizo la pili ambalo lina dawa: kabureta haijui kwamba hewa imepungua, inaendelea kumimina petroli karibu kama ilivyokuwa baharini. Mchanganyiko unakuwa mzito. Injini inakoroma, inatoa moshi mweusi, inakataa kupokea mafuta ukivuta kwa nguvu, plagi inajaa masizi. Kwa Kwale usiguse kitu, tofauti ni asilimia 4 tu. Kwa Wundanyi, shusha jeti kubwa, kile kitundu cha kabureta kinachopima petroli, hatua moja: kama ni 100, weka 98 au 95. Unaweza pia kuinua klipu ya sindano ya kabureta tundu moja juu, ili sindano ishuke na kupunguza petroli katika mwendo wa kati. Fanya kimoja kwanza, jaribu, ndipo ufikirie kingine. Anayebadilisha jeti, sindano na skrubu ya hewa kwa mara moja hawezi kujua kipi kilisaidia.

Plagi ndiyo shahidi. Panda kipande cha kilomita mbili ukiwa umevuta mafuta yote, bana klachi na uzime injini papo hapo, usiiache ikiunguruma. Fungua plagi. Kahawia hafifu, rangi ya chai ya maziwa, ni nzuri. Nyeusi kavu ni petroli nyingi. Nyeupe yenye vidoa ni petroli kidogo, na hiyo ni hatari kuliko nyeusi, kwa sababu nyeusi inapunguza mwendo na nyeupe inatoboa pistoni.

Sasa tangi. Unyevu wa Mombasa hauhitaji mvua kuingia ndani. Tangi lililoachwa nusu tupu linatoa jasho usiku na linashika kutu juu ya usawa wa petroli. Vumbi la kutu hilo linakaa kimya mpaka pikipiki ielekee juu na petroli isogee nyuma, ndipo linapovurugika na kushuka kwenye bomba. Ondoa tangi, ziba matundu, mimina siki ya kawaida au maji yenye gramu 100 za asidi ya sitriki kwa kila lita, tia nati chache za chuma za kutikisa, uache saa 24. Suuza mara moja kwa maji yenye magadi ya kupikia, kausha juani ukipitisha upepo, kisha zungusha kikombe cha petroli yenye oili ndani ili chuma kisishike kutu tena ndani ya saa moja. Kumbuka kuhesabu nati zinazotoka.

Kuna kosa dogo ambalo limesimamisha mashine nyingi nzima. Kifuniko cha tangi kina tundu la kupumulia. Likizibwa na vumbi, au na rangi ya mtu aliyepaka tangi upya, petroli inashuka vizuri kwa kilomita tano au sita, kisha ombwe linaizuia. Injini inafifia kama iliyoishiwa. Ukisimama dakika kumi inawaka tena, na fundi anaanza kubadilisha koili. Ikifanya hivyo, fungua kifuniko. Ukisikia hewa ikivutwa ndani kwa mlio, umepata ugonjwa; sindano ya kushonea inatosha kuuponya.

Upande wa petroli yenyewe, wenye injini za Kiingereza za zamani, zile zenye kichwa cha chuma cha kusubu, wana jambo lao la kufuatilia. Petroli yenye risasi iliondoka katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara mwishoni mwa 2005, na risasi hiyo ndiyo iliyokuwa ikilinda viti vya valvu vilivyo laini. Kupanda mlima kwa mafuta yote ndiyo kazi inayovila zaidi. Pima pengo la tapeti, ile nafasi ndogo juu ya valvu, kabla na baada ya kila safari. Likiendelea kupungua, valvu inazama kwenye kiti chake na kichwa kinahitaji viti vigumu.

Kwa CG tapeti zote mbili ni milimita 0.08, injini ikiwa baridi kabisa, alama ya T kwenye flaiwili ikiwa imelingana na valvu zote zimefunga. Tapeti inayolia kidogo haina madhara makubwa. Iliyobana haitoi sauti, lakini valvu haifungi sawasawa, inaungua ukingo, na mlima mrefu unaimaliza.

Cheche

Mashine za volti 6 zenye pointi (swichi ndogo inayofunguka kutoa cheche) zinataka pengo la milimita 0.3 hadi 0.4 na uso safi. Alama ya F ilingane wakati pointi zinapoanza kufunguka. Cheche ikiwahi mno, utasikia injini ikigonga ndani kama changarawe kwenye mkebe unapovuta mafuta mazito kwenye gia ya juu. Shusha gia mara moja na urekebishe ukisimama. Viungo vya nyaya vilivyokaa pwani vina kijani; vivute, visugue, vipake grisi kidogo, vifunge. Plagi mpya iwe na pengo la 0.6 hadi 0.7, na ubebe mbili.

Wenye mashine za mistroki miwili

DT, AG na TF zinapenda mlima kwa sababu ni nyepesi na zinavuta. Zinakufa kwa sababu moja kubwa: sili za krenki zilizokauka. Pikipiki iliyokaa uani miaka mitatu sili zake zimekuwa ngumu kama ganda la kifuu. Ya upande wa cheche ikivuja, inavuta hewa. Mchanganyiko unapungua petroli, na dalili yake ni injini kubaki juu sekunde kadhaa baada ya kuachia mafuta. Ya upande wa klachi ikivuja, inavuta oili ya gia. Moshi mweupe haukomi na oili inapungua bila tone kuonekana chini. Ya kwanza ndiyo inayokwamisha pistoni katikati ya mlima. Usipande nayo.

Kama pampu ya oili ya Autolube bado ipo na inafanya kazi, hakikisha alama zake zinalingana na mkono wa mafuta, na utoe hewa kwenye bomba kila tangi la oili linapokauka. Kama iliondolewa, changanya mwenyewe: kwa oili ya kisasa ya 2T, mililita 33 kwa kila lita ya petroli, yaani moja kwa 30, ni salama kwa injini ya zamani inayofanya kazi nzito. Changanya kwenye dumu na utikise. Kumimina oili moja kwa moja tangini na kutegemea barabara iitikise ni kuipeleka kabureta oili tupu katika kilomita za kwanza.

Wakati wa kushuka kumbuka kwamba oili huingia pamoja na petroli. Ukifunga mafuta na kuiacha gia ikuzuie kilomita kumi, pistoni inazunguka kwa kasi karibu kavu. Kila baada ya sekunde chache bana klachi na uvute mafuta kidogo.

Kushuka

Nusu ya mlima ni kurudi, na ni nusu inayoua. Breki za dramu za mashine hizi zilitosha kwa mji. Zikishikwa mfululizo kutoka Wundanyi, dramu inapata moto, inatanuka ikizikimbia shuu zinazoibana kwa ndani, kishikio kinaingia ndani zaidi na zaidi, na kwenye kona ya mwisho hakuna kitu.

Fungua magurudumu yote mawili kabla ya safari. Shuu iwe na unene wa milimita 2 au zaidi ya kitambaa, na kitambaa kilichogandishwa, si kile kinachobanduka kwenye chuma chake. Shuu za zamani zilizokaa pwani hubanduka kwa kutu chini ya gundi, na kikibanduka kwenye mteremko gurudumu linaganda. Kwaruza uso uliong'aa kwa msasa wa 80. Paka grisi ya joto kwenye kamu ya breki, kiasi cha ukucha tu. Kagua mkono wa breki: ukiikamata na mkono huo umepita pembe mraba na fimbo au kebo yake, nguvu inapotea, na dawa ni shuu mpya, si kukaza zaidi.

Halafu shuka kwa gia ileile uliyopandia. Kipande kilichohitaji gia ya pili kupanda kinahitaji ya pili kushuka. Breki ishikwe kwa nguvu na kwa muda mfupi kabla ya kona, kisha iachiwe kabisa ipoe. Kuikanyaga kidogokidogo muda wote ndiyo njia ya uhakika ya kuichoma. Ukinusa harufu kali au kishikio kikianza kulegea, simama dakika kumi na tano, na usimwagie maji dramu yenye moto, inapasuka.

Petroli pia husogea mbele ya tangi unaposhuka. Mashine ambayo koki yake iko nyuma inaweza kuzima ikiwa na lita mbili tangini. Geuza kwenye akiba kabla ya mteremko, si katikati yake.

Tairi na mkao

Soma tarakimu nne za mwisho ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye nyufa ndogo katikati ya vifundo limekufa, hata kama vifundo vingali virefu, na jua la pwani huliua mapema. Kwa lami tumia upepo wa kawaida wa mashine yako. Kwa njia ya udongo shusha nyuma mpaka psi 22 na mbele 20. Chini ya 18 tairi linateleza ndani ya rimu, linavuta tyubu, na mdomo wa tyubu unachanika. Ukiuona umeinama, umeshaanza.

Kwenye kijia kikali chagua gia chini kabisa kabla ya mwinuko kuanza. Kubadilisha katikati kunapoteza mwendo usioweza kuurudisha. Inama mbele, viwiko nje, lakini makalio yasiondoke mbali na nyuma ya kiti hata gurudumu likakosa uzito na kuanza kuchimba. Likianza kuchimba, punguza mafuta. Kuongeza kunachimba shimo. Udongo mwekundu wa Taita wakati wa masika na vuli unateleza kama sabuni, na hakuna meno wala jeti inayosaidia. Siku hiyo mbio ziahirishwe.

Mashine ikizima mlimani, usitegemee breki ya mbele peke yake, itateleza ikirudi nyuma na wewe. Iache kwenye gia, achia klachi, mgandamizo wa injini utaishika. Kisha shuka upande wa juu wa mteremko, usiwe upande ambako itakuangukia.

Mkiandaa mbio kijijini

Hili linahitaji watu kuliko fedha. Barabara ya umma haifungwi bila polisi na mamlaka ya barabara husika, na kabla ya barua hizo nendeni kwa chifu na wazee wa kijiji, muulize siku ya soko na siku ya maziko yaliyopangwa. Njia ya mita 600 hadi 1,000 inatosha. Mstari wa mwisho usiwekwe kileleni kabisa. Acheni nafasi iliyo sawa ya kusimamia, angalau mita 150.

Mashine moja tu mlimani kwa wakati mmoja. Anayefuata haondoki mpaka wa juu athibitishe kuwa wa kwanza amefika, na kwa kuwa mtandao wa simu hukatika kwenye kona, wekeni watu wenye bendera wanaoonana wao kwa wao. Watazamaji wakae juu ya kingo, upande wa ndani wa kona, kamwe si nje yake ambako mashine huenda ikikosea. Kila kijia cha mbuzi na cha mtoto anayetumwa dukani kiwe na mtu mzima amesimama.

Mwanzoni kabisa wekeni kabari ya mbao nyuma ya gurudumu, ili mpandaji aondoke bila kushika breki na kuunguza klachi. Kila mashine iwe na kamba ya kuzima injini iliyofungwa kifundoni mwa mkono, akianguka, inajichomoa. Boliti za kumwagia oili zifungwe kwa waya, maana tone moja la oili kwenye kona linawaangusha wote wanaofuata.

Kupima muda hakuhitaji mtambo. Chukueni saa mbili za kusimamisha, ziwasheni pamoja kwa mkono mmoja chini, moja ipandishwe juu. Wa chini anaandika saa ya kuondoka, wa juu anaandika ya kufika, mwishoni mnatoa. Baada ya mashindano zirudisheni pamoja na mzilinganishe. Zikitofautiana kwa zaidi ya nusu sekunde, washindani waambiwe. Kila mtu apande mara mbili, nzuri zaidi ihesabiwe. Gaweni madaraja kwa siisii na kwa mistroki, la sivyo DT175 itachukua kila kitu na wenye CG hawatarudi. Gari la kubeba majeruhi liwe chini likiwa limegeuzwa, na dereva wake asiwe mmoja wa wanaoshindana.

Kurudi pwani

Meno ya mlimani yatolewe Mwatate, kwa starehe ya barabara kuu. Jeti ni jambo lingine, na hili lifanyike hata kama jua linazama na kila mtu anataka kuondoka. Ile 95 iliyokuwa sawa Wundanyi ni ndogo mno Voi, na ni ndogo zaidi Mariakani. Ukienda kilomita 160 za mafuta yote huku hewa ikizidi kuwa nzito na petroli ikibaki ile ile, joto la pistoni linapanda bila dalili yoyote ya kusikika. Kinyume chake, injini inaonekana nyepesi na tamu. Kwa hiyo funga koki, legeza skrubu za bakuli la kabureta, rudisha 100 na klipu ya sindano mahali pake, na andika namba hizo kwa wino chini ya kiti ili atakayefungua baada yako azikute.

Ukifika Mombasa, osha mapezi ya silinda yaliyojaa vumbi jekundu injini ikiwa imepoa, jaza tangi mpaka juu, na kaza spoki. Mbili au tatu za nyuma zitakuwa zimelegea.